Imerudi

Hotuba kwa watu wanaougua saratani ya kichwa na shingo na wanaowauguza, kama ilivyosemwa

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, hamjambo.

Kabla ya yote niwatoe mashaka: mimi ni mwanamke. Kwenye simu watu huniita "mzee", na juzi kijana mmoja aliniambia, "Baba, naomba nizungumze na mwenye akaunti." Mwenye akaunti ni mimi. Sauti mnayoisikia haitoki kwenye zoloto, kile kiungo cha sauti kooni, kwa sababu langu lilitolewa lote miaka minne iliyopita. Napumua kwa tundu hili la shingoni. Ndani, kati ya njia ya hewa na njia ya chakula, kuna vali ndogo ya silikoni. Nikiziba tundu kwa kidole, hewa ya mapafu inapita kwenye vali, inatikisa kuta za koo, nanyi mnasikia maneno. Nikiondoa kidole nikanyamaza, msidhani nimenuna. Navuta pumzi.

Walionialika waliniomba nizungumzie ushindi. Niliwajibu kwamba hotuba hiyo sina. Nilichonacho ni habari za siku ambazo ugonjwa uliokwisha kuagwa ulipiga hodi tena, na swali moja nililochelewa kuliuliza.

Mara ya kwanza niliugua kama wengi wenu. Sauti ilikwaruza wiki baada ya wiki, nikadhani ni mafua, nikapimwa, ikawa saratani ya zoloto. Nilipigwa mionzi mara 35 kwa wiki saba, pamoja na dripu za sisplatini, dawa ya kemo. Ngozi ya shingo ikababuka, mate yakakauka, nikakonda mpaka pete ikawa inadondoka kidoleni. Miezi mitatu baadaye picha zilikuwa safi. Nyumbani walipiga vigelegele, na mimi nilipiga pamoja nao, kwa koo langu mwenyewe.

Miezi 14 baada ya vigelegele, sikio la kulia likaanza kuuma.

Naomba tukae kidogo kwenye hilo sikio. Lenyewe lilikuwa zima kabisa. Neva zinazochukua habari za kooni zina matawi yanayofika sikioni, kwa hiyo maumivu yanayoanzia koo ubongo unaweza kuyasoma kama ya sikio. Kwa mtu aliyewahi kuugua saratani ya koo, sikio moja linalouma na likichunguliwa halina kitu ni jambo la kupeleka kliniki upesi. Nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa na karatasi nyumbani iliyoandikwa hayo, pamoja na mengine: kidonda cha mdomoni kisichopona wiki tatu, uvimbe mpya shingoni, damu kwenye mate, kupaliwa, sauti kubadilika tena, kupungua uzito bila sababu. Karatasi ilikuwa kwenye droo. Mimi nikanunua dawa ya matone ya masikio, nikatumia wiki sita bila kumwambia mtu.

Nilipoenda hatimaye, muuguzi aliniuliza kwa upole kama sikujua dalili. Nilijua, na kujua ndiko kulikonifanya ninyamaze. Asiyejua huenda hospitali akiwa na matumaini ya kuambiwa ni mafua. Sisi wa mara ya pili hatuna pa kujificha ila kimya.

Sehemu kubwa ya saratani hizi zinazorudi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza. Ndiyo maana mwaka wa kwanza kliniki zimebanana, kila mwezi hadi kila miezi mitatu, kisha zinaachana kadiri miaka inavyokwenda. Inaweza kurudi palepale ilipoanzia, au kwenye tezi za shingo, au mbali, na ikienda mbali mara nyingi hukimbilia mapafu. Kuitambua si kazi nyepesi hata kwa mabingwa. Koo lililopigwa mionzi huvimba, hukakamaa na kutoa vidonda vyake ambavyo si saratani. Hata kipimo cha PET, kile kinachoonyesha seli zinazokula sukari kwa pupa, kwa kawaida husubiriwa kama wiki 12 baada ya mionzi, kwa sababu kabla ya hapo uvimbe wa mionzi wenyewe unang'aa kama ugonjwa. Mwisho wa ubishi ni kukatwa kinyama kikapimwe.

Cha kwangu kilikatwa. Majibu yalitoka Jumanne. Mimi niliyajua Ijumaa.

Waliitwa mume wangu na kaka yangu mkubwa, wakasimamishwa kwenye korido, mlango ukarudishwa. Mgonjwa apumzike kwanza, ilisemwa. Walirudi wameshanawa nyuso. Kaka akanishika bega: "Ni uvimbe wa mionzi tu, dada yangu." Siku tatu nyumba nzima ikazungumza kwa sauti ya chini. Binti yangu, wakati huo ana miaka 15, akaacha kunibishia. Wenye watoto wa umri huo mnacheka, mnajua. Mtoto wa miaka 15 akianza kuitika "sawa mama" kwa kila neno, mama ajue ana ugonjwa mkubwa.

Ijumaa nilimfuata mume wangu jikoni nikafunga mlango, nikasema sitoki wala hatoki. Akasema neno moja tu: "Imerudi."

Tuna methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kila mgonjwa ameisikia akipigwa nayo kichwani. Waliotunga walimfikiria mgonjwa anayewaficha ndugu. Hawakutunga ya ndugu wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe. Siwalaumu kaka na mume wangu, na leo wapo hapa wananitazama. Walificha kwa mapenzi. Ila katika siku zile tatu walikuwa wameshakubaliana tutatibiwa nini, wapi, lini. Niliposhirikishwa, nilishirikishwa kama mtu anayeonyeshwa nguo aliyokwisha kushonewa.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Mwaka 1923 Sigmund Freud, yule daktari wa nafsi wa Vienna, alimwonyesha daktari wake Felix Deutsch kidonda kilichokuwa mdomoni. Deutsch aliitambua saratani, akaona mgonjwa hataweza kuibeba, akamficha. Freud alipokuja kujua alikasirika kwamba mtu mwingine alijipa haki ya kumwamulia. Mwaka huohuo alikatwa sehemu ya taya la juu na kaakaa, akavalishwa kifaa cha kutenganisha mdomo na pua, na kwa miaka 16 iliyofuata vidonda viliendelea kurudi. Alipasuliwa zaidi ya mara 30, nyingine zikiwa za kukata vidonda vilivyokuwa vinaelekea kwenye saratani. Max Schur alipokuja kuwa daktari wake baadaye, Freud alitaka kwanza ahadi ya kuambiwa ukweli siku zote. Desemba 1938 BBC walirekodi sauti yake, na rekodi hiyo ipo mpaka leo. Ukiisikiliza unasikia mtu anayevuta kila neno kama gunia. Aliendelea kuandika na kuona wagonjwa kwa miaka hiyo yote. Aliendelea pia na sigara zake, na habari ya sigara nitaifikia, kwa sababu najua mnaisubiri.

Sasa swali lenyewe. Mara ya kwanza, kwa wengi wetu, halina kazi: unapewa tiba, wote mnajua ni ya kuponya, mnaanza. Mara ya pili tiba zilezile zenye majina yaleyale zinaweza kuwa na makusudi tofauti. Ipo inayotolewa ili ugonjwa uishe. Ipo ya kuubana ili upate miezi au miaka. Ipo ya kupunguza maumivu, damu au harufu, upate kulala. Mtu anaweza kukaa kwenye dripu ya kemo akiamini inamponya, na daktari akamtundikia akijua inamrefushia muda, na kati yao hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyeuliza tu. Kwa hiyo ulizeni hivi, kwa maneno haya ya nyumbani: "Daktari, tiba hii ni ya nini?" Na aulize anayeugua. Anayeuguza akae pembeni aandike majibu, maana masikio ya mgonjwa siku hiyo hayashiki kitu.

Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa siku tatu. Nikajibiwa kwamba saratani imebaki kwenye zoloto, haijavuka, kwa hiyo upo upasuaji unaolenga kuponya. Ugonjwa unaporudi na ukawa bado umekaa mahali pamoja, unaweza kukatwa wote na ukingo safi ukabaki, upasuaji ndio unaobeba tumaini kubwa. Lakini kisu kinaingia kwenye nyama iliyokwisha kupigwa mionzi. Mionzi huziba mishipa midogo ya damu, nyama inakuwa ngumu kama ngozi ya viatu, na kidonda kinafunga kwa kusuasua. Kwa hiyo daktari alinichorea kwenye karatasi: atatoa zoloto lote, kisha atageuza msuli wa kifuani, ukiwa bado na mshipa wake wa damu, aulete juu kuimarisha koo. Niliuliza je, nitaongea? Akasema, kwa namna nyingine. Niliuliza je, nitameza? Akasema anatumaini. Nilimpenda kwa hilo neno "natumaini", kwa sababu angeweza kusema "bila shaka".

Kilichofuata hakikwenda kama mchoro. Siku ya tisa mate yakaanza kutokea shingoni. Koo lilikuwa limefumuka ndani, jambo linalowapata wengi wanaopasuliwa baada ya mionzi. Wiki tano nililishwa kwa mrija wa puani, nikibadilishwa bandeji iliyolowa mate yangu mwenyewe, siwezi kusema, naandika kwenye daftari. Habari ya Ijumaa ile jikoni ilikuwa nyepesi kuliko wiki hizi tano. Nawaambia ili ikitokea msidhani mmekufa. Lilifunga. Kuna siku niliandika kwenye daftari kwamba sitaki kuamka kesho. Muuguzi wa zamu alisoma, hakukimbia wala hakunihubiria. Alikaa kitandani kwangu akaniuliza wazi kama nafikiria kujiua. Nikaandika: ndiyo. Akamwita mtu wa kunisaidia usiku uleule. Watu wenye saratani za kichwa na shingo wako kwenye hatari ya kujiua kubwa kuliko wenye saratani nyingi nyingine, na haishangazi: ugonjwa wetu unashika uso, chakula na maneno, vitu ambavyo mtu hukutana navyo na wenzake. Ninyi mnaouguza, kuliuliza swali hilo wazi hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

Si kila mtu anafaa kupasuliwa. Kupiga mionzi mara ya pili kunawezekana kwa wachache waliochaguliwa kwa uangalifu, hasa ikiwa muda mrefu umepita tangu ile ya kwanza, lakini nyama haisahau. Uti wa mgongo una kikomo cha mionzi unachoweza kubeba, mfupa wa taya unaweza kufa, na mshipa mkubwa wa damu shingoni unaweza kupasuka. Anayekuambia habari za mionzi ya pili bila kutaja hayo, muulize tena.

Kisha kuna dawa za kuamsha kinga, ambazo kila mtu amezisoma kwenye simu usiku wa manane. Mwili una askari wake, na askari hao wana breki ili wasishambulie mwili wenyewe. Breki mojawapo, PD-1, iligunduliwa na maabara ya Tasuku Honjo huko Japani mwaka 1992, naye akaja kugawana tuzo ya Nobel ya mwaka 2018 na James Allison wa Marekani. Saratani hujifunza kuikanyaga breki hiyo. Dawa inaondoa mguu wake. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya jaribio la nivolumabu, moja ya dawa hizo, kwa watu ambao saratani yao ya kichwa na shingo ilikuwa imerudi au kuenea na kuzishinda dawa za jamii ya sisplatini. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai ni 36 kati ya kila 100 waliopewa dawa hiyo, na kama 17 kati ya kila 100 waliopewa tiba za zamani. Ni zaidi ya mara mbili. Pia ni kusema kwamba wengi hawakufika mwaka. Namba zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na mtu mzima anaweza kuambiwa zote mbili. Wale inaowakubali, baadhi yao hukaa nayo muda mrefu ajabu, na hakuna anayeweza kukuhakikishia mapema kama utakuwa mmoja wao.

Na tiba shufaa, tafadhali, iteni mapema. Watu wakisikia jina hilo wanaanza kununua sanda. Ile ni kazi ya kukabili maumivu, kupaliwa, kukosa usingizi na hofu, na inaweza kwenda sambamba na upasuaji au dawa nyingine yoyote. Waliponitibu maumivu ya bega niliweza kufanya mazoezi ya kumeza. Basi.

Haya, sigara. Nilivuta miaka 20. Niliacha siku ya kwanza ya mionzi, na baadaye kwenye msiba mmoja nikavuta mbili. Iliporudi, kabla sijapewa pole niliulizwa: "Ulirudia kuvuta?" Hata mimi nilijiuliza, usiku, mara nyingi. Ukweli ni huu. Kuendelea kuvuta wakati wa tiba kunaipunguzia nguvu, acheni, saidiweni kuacha, sitaipamba. Lakini ugonjwa unaorudi palepale mapema kwa kawaida ni uleule: seli chache zilizovumilia moto zikajificha. Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake walieleza jambo jingine, ambalo leo tunajua moshi na pombe hulifanya: haliharibiki doa moja tu bali ngozi nzima ya ndani ya mdomo na koo, kama shamba zima lililopandwa magugu. Ndiyo maana mtu anaweza kupona saratani moja kisha ikaota nyingine, mpya kabisa, hatua mbili pembeni. Na wapo ambao hawakuvuta hata siku moja. Baadhi ya zao zililetwa na kirusi cha HPV, na kwa kawaida hao wa kirusi huenda vizuri zaidi hata ugonjwa ukirudi. Sasa wewe uliyekuja kumwona mgonjwa, utazijuaje zote hizo ukiwa umesimama mlangoni? Mpe pole kwanza.

Watu wa vigelegele, mara ya pili, hupotea. Si wabaya. Walishafunga kitabu, na wewe umekifungua tena mbele yao. Kuna rafiki yangu hakuja miezi minne, kisha akaja na kikapu cha nguo zake akasema, "Sijui niseme nini, nimekuja kupiga pasi kwako." Alipiga pasi saa mbili. Tangu hapo huja kila wiki.

Kati ya majibu na upasuaji nilikuwa na siku 12 za sauti yangu. Upasuaji wa kutoa zoloto lote kwa saratani ulifanywa kwa mara ya kwanza Vienna na Theodor Billroth mwaka 1873, na vali ya aina hii niliyonayo ilielezwa na Mark Singer na Eric Blom mwaka 1980. Nilijua basi kwamba nitaongea, ila si kwa sauti ile niliyozaliwa nayo. Nikaanza kurekodi kwenye simu. Nilijaribu maneno mazito, wosia, baraka, yote yakasikika kama ya mtu mwingine. Mwishowe nilirekodi yale ninayosema kila siku. "Amka, umechelewa." "Nani kaacha taa?" "Njoo ule." Binti yangu aliiweka ile ya kwanza kuwa kengele ya simu yake. Sasa yuko chuo. Mama yake wa zamani humwamsha saa kumi na mbili asubuhi, na mama yake wa sasa humpigia jioni.

Nikumbushe jambo kabla sijasahau, maana ni kwa faida yangu. Mkimkuta mtu kama mimi ameanguka, msimpulizie mdomoni. Mdomo wangu hauna njia ya kwenda mapafuni tena. Hewa, oksijeni, kila kitu, ni hapa shingoni.

Mwaka wa nne ni mwaka mzuri. Uwezekano wa ule wa zamani kurudi umeshuka, na kliniki yangu imesogezwa mpaka miezi sita. Iliyofuata ilikuwa iwe mwezi ujao. Jumapili sikio limeanza kuuma. Naona wauguzi wa mstari wa mbele mmeshaanza kulikodolea macho la kulia. Ni la kushoto. Linaweza kuwa jino. Linaweza kuwa baridi. Nilimwambia mume wangu Jumapili hiyohiyo, kabla hatujala, na binti yangu nikampigia. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunibishia kwamba nisubiri miadi ya mwezi ujao ya nini, nipige simu kliniki asubuhi. Nimepiga. Ni kesho saa tatu. Kaka yangu anatupeleka, na safari hii atakaa ndani ya chumba pamoja nasi.